Monita mbili au tatu kwenye meza moja: kazi mchana, gemu usiku

Wengi huanzia dukani. Wananunua monita ya pili, wanafika nayo nyumbani, ndipo wanageuza kompyuta kutafuta waya utaingia wapi. Kinachofuata ni adapta, halafu adapta juu ya adapta, na mwisho wake picha yenye ukungu, au monita ya Hz 144 (yaani inayobadili picha mara 144 kwa sekunde) inayotembea kwa Hz 60 bila mwenyewe kujua. Hapa tutakwenda kinyumenyume: tuanze na mgongo wa kompyuta, tuje kwenye waya, ndipo twende dukani.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashine moja inayobeba mizigo miwili: mchana mahesabu, tafsiri, kuandika programu au kusafisha picha za wateja; usiku gemu. Na niweke msimamo wangu wazi mapema: kwa watu wengi monita mbili zinatosha. Ya tatu ina kazi ya kweli kwa anayehariri video, anayekesha na chati za sarafu, na wale wa kuendesha magari na ndege kwenye gemu. Wengine huishia kuwekea saa na picha ya mandhari kwenye hiyo ya tatu.

Hatua ya 1: Soma mgongo wa kompyuta

Kwenye kompyuta ya mezani kunaweza kuwa na makundi mawili ya matundu ya picha. La kwanza liko juu, limechanganyika na matundu ya USB, intaneti na sauti. Hayo ni ya ubao mkuu. La pili, kama lipo, liko chini yake na limejitenga. Hayo ni ya kadi ya grafiki, ile GPU. Ukiwa na kadi hiyo, monita zako ziingie huko. Ukichomeka kwenye ubao mkuu, unaweza kukosa picha kabisa, maana prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina grafiki ya ndani. Au utapata picha, lakini gemu itaangukia mikononi mwa grafiki ndogo ya prosesa, nawe utabaki kuilaumu GPU uliyoigharimia.

Kadi nyingi za leo za gemu zinamudu monita nne kwa pamoja. Lakini usiidharau hata mashine ya ofisini iliyostaafu. Dell OptiPlex 9020, ambayo bado inazunguka kwenye soko la mitumba, ina DisplayPort mbili na VGA moja mgongoni, yaani monita tatu za kazi bila kununua kadi yoyote. Gemu nzito haitaweza, ila mhasibu au mwandishi hatapungukiwa.

Laptopu ndizo zenye mitego. HDMI moja nyingi zinayo, na hilo halina utata. Utata uko kwenye tundu la USB-C, kwa sababu umbo lake ni moja lakini uwezo unatofautiana: kuna linalotoa picha, na kuna linalochaji na kuhamisha mafaili tu. Tafuta alama pembeni ya tundu. Herufi D na P zilizoshikana zinamaanisha DisplayPort inapita hapo. Alama ya radi yenye mshale inamaanisha Thunderbolt, nayo inapitisha picha. Pasipo na alama, soma maelezo ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa hela.

Wenye MacBook Air ya M1 au M2 wajue kwamba kompyuta hizo zinakubali monita moja tu ya nje. Njia ya kukwepa ni adapta za DisplayLink, zinazopitisha picha kama data ya USB kwa msaada wa programu maalumu. Kwa kuandika na kusoma barua pepe zinafaa sana. Kwa gemu ziache, kwa sababu prosesa inalazimika kubana kila picha kabla ya kuituma, na mkono wako utahisi ucheleweshaji huo.

Hatua ya 2: Chagua waya, na uheshimu mwelekeo wake

VGA, lile tundu la bluu lenye pini 15, limekuwapo tangu 1987. Bado linafanya kazi, lakini picha yake ni ya analogi na maandishi madogo hutoka yamefifia kidogo. Likiwa ndilo pekee lililobaki, lipe monita ya pembeni. DVI ya kawaida inafika pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1200 kwa Hz 60, basi. Kazi halisi leo iko kwa HDMI na DisplayPort, na hapo namba ya toleo ndiyo inayoamua:

HDMI 1.4 inapitisha 4K (pikseli 3840 kwa 2160) kwa Hz 30 tu, na Full HD (1920 kwa 1080) hadi Hz 120.
HDMI 2.0 inapitisha 4K kwa Hz 60, au 2560 kwa 1440 kwa Hz 144.
HDMI 2.1 inapitisha 4K kwa Hz 120.
DisplayPort 1.2 inapitisha 4K kwa Hz 60, au 2560 kwa 1440 kwa Hz 144.
DisplayPort 1.4 inapitisha 4K kwa Hz 120.

Tundu la kompyuta, waya na tundu la monita ni timu moja, na timu nzima hukimbia kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Ndiyo maana ushauri wangu ni mmoja: DisplayPort ipewe monita ya gemu, HDMI ipewe ya pembeni.

Mambo mawili yanawaliza watu dukani. La kwanza ni mwelekeo wa adapta. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita, adapta ya bei rahisi kwa kawaida inatosha. Kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita, adapta ile ile ukiigeuza haitafanya kitu. Unahitaji ya aina nyingine, yenye saketi ya kubadilisha mawimbi, na mara nyingi ina mkia wa USB wa kuvuta umeme. La pili ni kile kisanduku cha kugawa HDMI moja kuwa mbili. Muuzaji atakuambia kinaendesha monita mbili, na hasemi uongo, ila zote mbili zitaonyesha picha ile ile. Kinafaa kwenye baa inayoonyesha mpira. Kwa kazi yako hakikuongezei hata sentimita moja ya nafasi.

Urefu wa mita moja na nusu au mbili unatosha meza nyingi. Waya ukirefuka zaidi ya mita tatu huku unadai Hz nyingi, picha inaweza kuanza kukatikakatika.

Hatua ya 3: Sasa nenda kanunue

Kinachofanya monita mbili zikae vizuri pamoja ni msongamano wa pikseli, kuliko hata ukubwa wenyewe. Inchi 24 ya Full HD ina pikseli 92 kwa kila inchi. Inchi 27 ya Full HD inashuka hadi 82, na hapo herufi zinaanza kuonekana nene. Inchi 27 ya 2560 kwa 1440 ina 109. Ukiweka ile ya 92 kando ya ile ya 109, dirisha likivuka kutoka moja kwenda nyingine linabadilika ukubwa kidogo tu na jicho linazoea. Ukiweka ya 92 kando ya 4K ya inchi 27, yenye 163, itabidi 4K uikuze kwa asilimia 150, na programu za zamani zitakuwa zinatoka zimefifia kila zikivuka. Inavumilika, lakini inachosha.

Kuhusu aina ya kioo: IPS ndiyo ya kuweka pembeni, kwa sababu rangi zake hazigeuki ukitazama kwa upande. TN ni nyepesi kuitikia na wachezaji wa zamani waliipenda, lakini itazame kutoka kushoto na weupe wake unageuka. VA ina weusi mzuri wa usiku, ila kwenye vioo vingi vya bei ya chini vitu vyeusi vinavyokimbia huacha kivuli nyuma yao.

Mpangilio ambao nampa mtu mwenye bajeti ya kawaida ni huu: monita moja mpya ya gemu, na ya pembeni mtumba wa ofisi. Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta monita zilizotoka ofisi za Ulaya, na baadhi ni vifaa bora kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Dell U2412M, kwa mfano, ni IPS ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1200, na stendi yake inapanda, inashuka na kuzungusha kioo kikasimama wima. Pikseli 120 za ziada kwa kimo ni mistari kadhaa zaidi ya jedwali, na anayeshinda kwenye Excel anajua thamani yake.

Nenda na laptopu yako na waya wako mwenyewe. “Bosi wangu, hii haina shida hata moja” ni salamu ya biashara, ipokee kwa tabasamu na uendelee kukagua. Andaa picha tano zilizojaa rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye nyeupe tafuta umanjano wa kingo na madoa. Kwenye nyeusi tafuta nuru inayovuja pembeni na pikseli zinazobaki zinawaka. Kwenye rangi tafuta pikseli zilizokufa. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye karatasi ya mgongoni. Bonyeza vitufe vyote, na jaribu kila tundu, maana mara nyingi VGA ndiyo wanayokuonyeshea wakati DisplayPort imekufa. Halafu omba iachwe inawaka robo saa nzima huku mkizungumza bei: monita yenye ubovu wa umeme wa ndani hupepesa ikishapata joto. Mwisho, hakikisha mgongoni kuna matundu manne ya skrubu ya VESA, kipimo cha kawaida cha kufungia monita kwenye mkono au ukutani, yaliyopishana milimita 75 au 100, hasa kama stendi yake imepotea.

Hatua ya 4: Meza, shingo na umeme

Monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 54 hivi. Mbili zinataka meza ya sentimita 120 angalau. Kina cha meza ndicho kinachosahaulika. Ikiwa ni sentimita 50, stendi itakusukumia kioo puani. Tafuta 70, au tumia mikono ya kufunga kwenye ukingo wa meza, inayokurudishia nafasi yote ya chini. Skrubu zake kwa kawaida ni M4. Kama meza ni ya mbao za kubandika, weka kipande cha ubao mgumu au bati nene chini ya kibano, la sivyo kitajichimbia polepole hadi ukingo upasuke.

Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo, na umbali uwe kiasi cha mkono ulionyooshwa. Halafu amua monita kuu ni ipi, na uiweke mbele ya kifua chako kabisa. Ile ya pili ikae ubavuni, imekunjwa kukuelekea. Picha nyingi za mapambo mtandaoni zinaonyesha monita mbili zilizokutana katikati, na zinapendeza, ila mchezaji anajikuta anatazama ukingo wa plastiki, na mfanyakazi anashinda amegeuza shingo upande mmoja. Mkutano wa katikati unamfaa tu anayetumia zote mbili sawasawa siku nzima.

Ya pembeni isimamishe wima kama kazi yako ni kusoma nyaraka ndefu, kuandika programu au kufuatilia maongezi. Dirisha la nyumba liwe ubavuni mwako. Likiwa mgongoni utajitazama kwenye kioo.

Umeme hauongezeki sana: monita ya LED ya inchi 24 hula takribani wati 20, na monita nyingi hupokea volti 100 hadi 240. Shida ni kukatika na kurudi kwa kishindo. Kwenye UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba, matundu ya betri yape kompyuta na monita kuu. Ya pembeni ichomeke kwenye tundu la kinga bila betri. UPS ya VA 650 hutoa wati 360 hivi, na kompyuta ya gemu ikiwa kazini inaweza kuvuka hapo, kwa hiyo ichukulie kuwa ni dakika za kuhifadhi faili na kuzima.

Hatua ya 5: Ipange Windows

Chomeka, washa, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na uchague “Extend”. Fungua “Settings”, ingia “System”, halafu “Display”. Utaona vibweta vyenye namba. Bofya “Identify” ili namba zijitokeze kwenye vioo, kisha viburute vibweta hivyo vifanane na vioo vilivyokaa mezani. Fanya hili kwa makini hata kwa kimo, kwa sababu vibweta vikipishana, kipanya kitagonga ukuta usioonekana kila unapokivusha sehemu ile. Chagua monita kuu na uweke alama kwenye “Make this my main display”.

Ukishuka chini utakuta “Advanced display”. Hapa ndipo hela za watu wengi zimelala. Monita mpya ya Hz 144 au 165 mara nyingi huanzishwa kwa Hz 60 na kubaki hapo hadi ubadilishe mwenyewe. Chagua monita juu, kisha panga Hz zake; rudia kwa kila moja. Ikiwa Hz unazozitaka hazimo kwenye orodha, rudi hatua ya 2, tatizo ni waya au tundu.

Kwenye Windows 11, fungua “Multiple displays” na uweke alama kwenye “Remember window locations based on monitor connection”. Ukichomoa laptopu kwenda nayo kazini na kuirudisha jioni, madirisha yatarudi yalipokuwa. Mwenye laptopu anayetaka kuifunga kifuniko aende kwenye mipangilio ya umeme, aseme ikifungwa isifanye chochote inapokuwa kwenye chaja. Ila kwa gemu iache wazi, maana baadhi ya laptopu hupumua kupitia kibodi.

Zoea Windows+Shift+mshale, inayorusha dirisha zima kutoka monita moja kwenda nyingine, na Windows+mshale, inayolibana nusu ya kioo. Wiki moja ya hizo mbili na hutagusa tena kichwa cha dirisha kwa kipanya.

Kwenye Linux, ingia kwa kikao cha Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha, kama monita zako zina Hz au ukuzaji tofauti. X11, ule wa zamani, unahangaika hapo. Kwenye macOS, ule mtindo wa kuunganisha monita ya pili kupitia mgongo wa ya kwanza kwa DisplayPort hautakupa vioo viwili tofauti, utakupa nakala.

Hatua ya 6: Gemu

Gemu nyingi hufunguka kwenye monita kuu, kwa hiyo nusu ya kazi umeshaimaliza. Kinachobaki ni namna ya kuonyesha. “Fullscreen” inaipa gemu kioo chote, na kipanya kwa kawaida hakitoroki, lakini ukitoka kujibu ujumbe gemu inajikunja na kuchelewa kurudi. “Borderless” inakuruhusu kuvuka kwenda monita ya pili papo hapo. Zamani ilikuwa inakula kasi. Kwenye Windows 11 washa “Optimizations for windowed games” ndani ya “Graphics”, na kwa gemu nyingi tofauti hutaiona. Mimi huchagua “Borderless” kwa gemu za taratibu, na “Fullscreen” kwa za kulenga, ambako kipanya kikitoroka umeshakufa.

Ukiwa na Hz 144 kuu na Hz 60 pembeni, tumia Windows 10 toleo 2004, la Mei 2020, au jipya zaidi. Kabla ya hapo video iliyokuwa inacheza pembeni iliweza kuivuta gemu nzima ikaanza kukwama. Hata leo, kwenye kadi ndogo, video ya pembeni inagombea nguvu na gemu. Gemu ikianza kusuasua, funga hiyo kabla hujashusha ubora wa picha.

Kuna kitu kinapitwa: tundu la pili la monita. Chomeka PlayStation 5 kwenye HDMI iliyobaki ya monita kuu na ubadilishe kwa kitufe, huku kompyuta ikiendelea na kazi kwenye ya pembeni. Tangu Septemba 2022 PS5 inatoa pia pikseli 2560 kwa 1440, kwa hiyo monita ya aina hiyo haikosi haki yake.

Monita tatu kama kioo kimoja ni habari nyingine. NVIDIA wanaiita Surround, AMD wanaiita Eyefinity. Tatu za Full HD ni pikseli 5760 kwa 1080, zaidi ya milioni 6, mara tatu ya kazi ya kioo kimoja, na kadi iliyokuwa inapepea itaanza kuhema. Nunua tatu zinazofanana kabisa, zenye kingo nyembamba, na ukunje za pembeni kuelekea kwako. Gemu za magari kama Assetto Corsa na iRacing zina sehemu ya kuandika vipimo vya monita tatu na pembe zake, na ukizijaza kwa kupima kwa rula, vioo vya pembeni vinakuwa madirisha halisi ya gari. Gemu za mpira na nyingi za kulenga hazina hilo. Zinavuta tu picha kingoni hadi watu wanakuwa wanene.

Hatua ya 7: Ikigoma

Monita haionekani: kwanza angalia kwenye menyu yake kama imechagua tundu sahihi. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati, waya kwanza, halafu tundu. Windows+Ctrl+Shift+B huiamsha upya draiva ya grafiki, ile programu inayoendesha kadi, bila kuzima kompyuta. Draiva yenyewe ichukue kwa mtengenezaji wa kadi.

Inakatika kwa Hz 144 na kutulia kwa 120: waya ni dhaifu, nunua mwingine.

Madirisha yote yanahamia upande mmoja kila monita ikilala: DisplayPort hufanya hivyo, kompyuta inadhani umeichomoa. Tafuta “Deep sleep” kwenye menyu ya monita na uizime.

Rangi hazilingani: fungua ukurasa mweupe uliotandaa kwenye vioo vyote viwili. Kwenye menyu ya rangi ya kila monita, weka zote kwenye sRGB au 6500K, kisha shusha mwanga wa ile kali hadi ifanane na hafifu, usijaribu kuipandisha hafifu. Mtumba wenye taa iliyozeeka unaweza kubaki na umanjano hata baada ya hapo. Maandishi na maongezi yaende huko, na picha za mteja zihukumiwe kwenye ile nyingine tu.